Trampolini si turubai: Maana na matumizi ya neno linalowachanganya wengi

MSIMU wa kuvuna ndengu unapofika katika eneo la Ekalakala, kaunti ya Machakos, mkulima huwa na mahitaji machache yasiyoweza kuahirishwa: magunia, vibarua na turubai. Turubai hutandikwa uani, ndengu zikamwagwa juu yake, zikaanikwa juani na kupigwa kwa fimbo hadi punje zikaachana na maganda. Wingu likitanda ghafla, pembe nne za turubai hukunjwa upesi na mazao yakasalimika.

Kifaa hicho ni cha kawaida mno kiasi kwamba hakuna anayedhani kinahitaji kuelezwa. Hata hivyo, jina lake limeanza kupotea njia. Wapo wasemaji ambao, wakitaka kukitaja kwa jina la Kiingereza, tarpaulin, ulimi huwateleza wakasema trampoline. Kosa hilo likishatoka kinywani huingia kwenye risiti ya dukani, likaingia kwenye tangazo la mnada, na hatimaye kwenye ripoti inayofika katika chumba cha habari. Mhariri asipokuwa macho, msomaji ataelezwa kwamba familia zilizofurushwa na maji zimegawiwa trampolini za kujikinga na mvua.

Anayejua maana ya neno hilo atacheka. Asiyeijua ataamini kwamba trampolini ni aina ya hema. Hapo ndipo lugha hukosa kufanya kazi yake ya kwanza, yaani kumfikishia msikilizaji jambo lile lile lililokusudiwa na msemaji. Makala haya yanafafanua maana ya trampolini, asili yake, matumizi yake, namna linavyofaa kuandikwa kwa Kiswahili, na sababu za kulitenga kabisa na turubai.

Trampolini ni nini?

Trampolini ni kifaa cha kurukia. Huundwa kwa fremu ya chuma ya mviringo au ya mstatili iliyosimamishwa kwa miguu, na katikati ya fremu hiyo hutandazwa kitambaa imara kilichovutwa pande zote kwa springi nyingi za chuma au kwa mipira inayonyumbuka. Mtu akisimama juu ya kitambaa hicho na kuruka, uzito wake huzivuta springi hizo. Zinaporejea katika hali yake ya awali humrusha juu zaidi ya vile ambavyo miguu yake pekee ingeweza.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba kitambaa chenyewe si lazima kinyumbuke. Kinachonyumbuka ni springi. Ndiyo maana turubai lililofungwa kwa kamba kwenye miti minne haliwi trampolini hata likikazwa namna gani. Litamzuia mtu asianguke chini, na pengine litampokea kama machela, lakini halitamrusha.

Kadhalika, trampolini si ile nyumba ya plastiki inayojazwa hewa kwa mashine, ambayo watoto huchezea katika sherehe na viwanja vya burudani, na ambayo watu wengi wa mijini huiita kwa jina lake la Kiingereza, bouncing castle. Vifaa hivyo viwili hukodishwa na watu wale wale na huwekwa katika viwanja vile vile wakati wa sikukuu, ndiposa majina yake hubadilishana. Tofauti yake ni kwamba kimoja hutegemea hewa iliyofungiwa ndani, ilhali kingine hutegemea springi na fremu ya chuma. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa usalama wa mtoto, kama itakavyoonekana baadaye.

Asili ya neno

Neno trampoline liliingia katika Kiingereza kutoka lugha za kusini mwa Ulaya. Katika Kihispania lipo neno trampolín, na katika Kiitaliano lipo trampolino. Yote mawili hutaja ubao wa kurukia. La Kiitaliano linahusishwa na trampoli, yaani mironjo, ile miti mirefu ambayo mchezaji hujifunga miguuni akatembea akiwa juu ya watu wote. Wataalamu wa asili za maneno huenda mbele zaidi na kulinasibisha na kundi la maneno ya lugha za Kijerumani yenye maana ya kukanyaga kwa kishindo. Katika kundi hilo mna kitenzi cha Kiingereza trample, ambacho hadi leo maana yake ni kukanyagakanyaga.

Kwa hiyo, babu wa neno hili ni mguu unaokanyaga kwa nguvu. Maana ya kuruka ilifuata baadaye, kwa kuwa anayetaka kuruka sharti kwanza akanyage.

Kifaa cha kisasa chenye jina hilo kilibuniwa nchini Marekani. George Nissen, kijana wa jimbo la Iowa aliyekuwa mwanamichezo wa viungo, alivutiwa na wanasarakasi wa bembea za juu ambao kila walipomaliza maonyesho walijitupa kwenye wavu wa usalama na kudundishwa nao. Alijiuliza ingekuwaje iwapo wavu huo ungeweza kumrusha mtu tena na tena. Katika miaka ya 1930, akishirikiana na mkufunzi wake Larry Griswold katika Chuo Kikuu cha Iowa, aliunda fremu ya chuma na kuifunga turubai kwa springi.

Naam, turubai! Kitambaa cha kwanza cha trampolini kilikuwa cha turubai. Hapa ndipo palipo na ukweli pekee unaoweza kuwaleta pamoja ndugu hawa wawili wasiohusiana kwa damu. Lakini hata ikiwa kifaa kile cha mwanzo kilitengenezwa kwa turubai, hakikuitwa turubai, kama vile mlango hauitwi mbao. Siku hizi kitambaa hicho hufumwa kwa nailoni au kwa nyuzi nyingine za plastiki.

Jina lenyewe Nissen alilipata Mexico, alikokwenda kwa maonyesho ya sarakasi mwishoni mwa miaka ya 1930. Huko alilisikia neno trampolín, akalipenda, akaliongeza herufi e mwishoni na kulisajili kuwa jina la biashara. Mwaka 1942 yeye na Griswold walianzisha kampuni ya kutengeneza vifaa hivyo. Katika kukitangaza kifaa chake, Nissen aliwahi kupigwa picha akiruka angani pamoja na kanguru katika bustani ya Central Park jijini New York. Alifariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 96.

Jina la biashara lililogeuka kuwa la wote

Kwa kuwa trampoline lilikuwa jina la kampuni, washindani wa Nissen walilazimika kwa miaka mingi kutumia majina mengine kwa bidhaa iliyokuwa ile ile. Hata hivyo, umma haukujali sheria za usajili. Watu waliendelea kuita kila kifaa cha aina hiyo trampoline, hadi jina likaponyoka mikononi mwa mwenyewe na kuwa nomino ya kawaida.

Msomaji wa Kiswahili hatalishangaa jambo hili, maana limetendeka mbele ya macho yake. Katika maduka mengi ya mashinani, mteja huagiza Omo akapewa sabuni ya unga ya kampuni nyingine na asilalamike. Blue Band ni siagi yoyote ya kupaka mkate. Kiwi ni rangi ya viatu. Mashine kubwa ya kuchimba barabara huitwa katapila, ijapokuwa Caterpillar ni kampuni moja tu miongoni mwa nyingi zinazotengeneza mashine hizo. Katapila lina mafunzo zaidi kwa kuwa limekwisha kuvaa mavazi ya Kiswahili: lina vokali mwishoni, lina silabi zinazotamkika, na hupatanishwa na vitenzi bila shida. Trampolini inafuata njia iyo hiyo.

Mchezo wa Olimpiki

Maana ya pili ya neno hili ni mchezo unaochezewa kwenye kifaa hicho. Mashindano ya kwanza ya dunia yaliandaliwa jijini London mwaka 1964. Mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki mwaka 2000 jijini Sydney, ambako Warusi Irina Karavaeva na Alexander Moskalenko walitwaa nishani za dhahabu za wanawake na wanaume. Rosie MacLennan wa Canada alishinda mara mbili mfululizo, mwaka 2012 na mwaka 2016. Katika michezo ya Paris mwaka 2024, dhahabu ya wanawake ilimwendea Bryony Page wa Uingereza.

Mshindani hufanya miruko 10 inayofuatana bila kupumzika, akijipindua na kujizungusha angani. Wachezaji hodari hufikia kimo cha takriban mita 8, yaani juu kuliko paa la nyumba ya ghorofa moja. Majaji huangalia ugumu wa miruko, ustadi wa utekelezaji, muda ambao mchezaji yuko hewani, na iwapo anatua katikati ya kitambaa au anapotelea pembeni.

Kwa maana hii ya pili, ni sahihi kusema "ameshinda nishani katika trampolini", kama vile mtu asemavyo "ameshinda katika ndondi". Kwa maana ya kwanza, kihusishi hufafanua mahali: "watoto wanaruka kwenye trampolini" au "juu ya trampolini".

Mtego kwa wafasiri

Wafasiri wa habari za michezo hukabiliwa na hatari nyingine. Mwandishi anayefasiri taarifa iliyoandikwa kwa Kihispania au Kiitaliano hukutana na trampolín au trampolino mahali ambapo hapana springi wala kitambaa. Katika lugha hizo, neno hilo hutaja pia ule ubao unaonepa uliowekwa kando ya bwawa la kuogelea, ambao mpiga mbizi huutumia kujirusha majini. Mashindano ya kupiga mbizi kutoka ubao wa mita 3 hutajwa kwa jina hilo hilo. Zaidi ya hayo, katika michezo ya theluji, mteremko mrefu ambao wachezaji wa skii huuteremka na kujirusha hewani huitwa vivyo hivyo. Kifaransa nacho kina tremplin, ambalo hutumika kwa ubao wa mbizi na kwa mteremko wa skii, ilhali kifaa cha Nissen huitwa trampoline kama katika Kiingereza.

Mfasiri asiyejua hayo ataandika kwamba mwogeleaji fulani alijirusha majini kutoka kwenye trampolini, na msomaji atabaki akijiuliza ni nani aliyeipeleka trampolini bwawani. Katika Kiswahili, vifaa hivi vitengwe. Kifaa cha springi ni trampolini. Ubao wa bwawani ni ubao wa kupigia mbizi. Kile kiubao kidogo ambacho wanamichezo wa viungo hukikanyaga kabla ya kuruka ni ubao wa kurukia.

Katika lugha hizo za Ulaya, neno hilo hutumika pia kwa njia ya sitiari kumaanisha kitu kinachompandisha mtu haraka, mathalani cheo kidogo kinachompeleka kwenye kikubwa. Kiswahili hakihitaji kuazima sitiari hiyo. Kina ngazi, kina daraja, kina kipandio. Kusema kwamba udiwani ulikuwa trampolini ya mtu kuelekea bungeni ni kumlazimisha msomaji afikirie springi wakati anapotakiwa kufikiria kura.

Turubai ni jambo jingine

Sasa turejee uani kwa mkulima wa Ekalakala. Turubai, au turubali kama linavyotamkwa na baadhi ya wasemaji, ni kitambaa kizito kisichopenyeza maji kwa urahisi. Neno la Kiingereza linalolingana nalo, tarpaulin, limeunganishwa kutokana na tar, yaani lami, na neno la kale lenye maana ya kifuniko. Hapo kale mabaharia walikipaka lami kitambaa cha tanga ili kiweze kuhimili mawimbi na mvua. Hakuna mahali popote katika historia hiyo ambapo pana kuruka.

Kiswahili kinalo pia tandarua, ambalo hutaja kitambaa cha aina hiyo na hata hema lililoundwa kwacho. Nchini Tanzania, maturubai yaliyosimamishwa mbele ya nyumba humwarifu mpita njia kwamba pana arusi au msiba. Nchini Kenya, lori la mchanga au la mahindi lisilofunikwa kwa turubai humwaga mzigo wake barabarani. Vitenzi vinavyoandamana na neno hili ni kutandika, kufunika, kuanikia, kukunja na kuezeka. Trampolini haifanyiwi lolote kati ya hayo. Trampolini huundwa, hukazwa, hurukiwa na huchezewa.

Kwa wakazi wa Ukambani, turubai halina mzaha. Mwaka 2004, eneo la mashariki mwa Kenya lilikumbwa na mkurupuko mkubwa wa sumu ya aflatoksini iliyotokana na mahindi yaliyoota kuvu. Kufikia Julai mwaka huo, watu 317 walikuwa wameugua na 125 wakafariki. Wilaya za Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi, na Machakos na Thika nazo zilipata wagonjwa. Miongoni mwa mawaidha ambayo wakulima wamekuwa wakipewa tangu wakati huo ni kwamba nafaka ikaushwe vizuri, isianikwe moja kwa moja juu ya udongo, bali juu ya turubai au jukwaa, na ihifadhiwe mahali pakavu.

Waidha mkulima kwamba aanike mahindi juu ya trampolini, nawe utakuwa umempa ama kichekesho ama kitendawili. Ushauri uliokusudiwa kuokoa maisha utakuwa umepotea kwa sababu ya silabi chache. Wenzetu wa Tanzania walilitambua hilo katika kuipa sumu yenyewe jina: waliiita sumukuvu, neno ambalo mkulima yeyote hulielewa pindi anapolisikia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa sumu anaijua na kuvu anaijua.

Mfano wa pili ni wa karibuni. Ekalakala ni wadi katika eneo bunge la Masinga, palipo na bwawa la Masinga lililokamilishwa mwaka 1981 katika mto Tana. Mvua kubwa za mwaka 2024 zilipofurika sehemu nyingi za nchi na kuua zaidi ya watu 200, serikali iliwaamuru wakazi walioishi karibu na mabwawa yaliyokuwa yamejaa kupita kiasi, likiwemo la Masinga, wahamie mahali salama. Katika dharura kama hiyo, orodha ya misaada huwa na unga, mablanketi, dawa za kutibu maji na maturubai. Anayeandika orodha hiyo, anayeitafsiri na anayeitangaza redioni sharti wote wataje kitu kimoja.

Liandikwe vipi?

Swali linalofuata ni la tahajia. Je, liandikwe trampoline, trampolini au tarampolini?

Maneno ya kigeni yalipoingia katika Kiswahili zamani, aghalabu konsonanti zilizofuatana zilitenganishwa kwa vokali. Kwa njia hiyo, club likawa kilabu, brush likawa burashi, na circus likawa sarakasi. Kwa kufuata mkondo huo, mtu angetarajia tarampolini. Lakini maneno yaliyoingia baadaye yameruhusiwa kubaki na konsonanti zake: treni, trela, trafiki, programu. Masikio ya wasemaji yamekwisha kuzoea tr mwanzoni mwa neno. Nayo mp si tatizo kamwe, kwani ni mfuatano wa asili unaopatikana katika mpira, pampu na kampuni. Kinachohitajika tu ni vokali ya mwisho. Kwa hiyo trampolini ndiyo tahajia inayofaa zaidi, nayo hutamkwa kwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani li.

Kuhusu ngeli, trampolini huingia katika I-ZI kama treni na kompyuta: trampolini hii imevunjika, trampolini hizi zimevunjika. Turubai huingia katika LI-YA: turubai hili limechanika, maturubai haya yamechanika. Sarufi yenyewe inatoa msaada hapa. Msikilizaji akisikia "limetandikwa", hata kama jina limemponyoka msemaji, atajua ni turubai.

Yapo maoni kwamba Kiswahili kibuni neno lake badala ya kuazima. Hoja hiyo ina uzito. Lugha ina kuruka, kuchupa na kudunda, na ina desturi ya kurudiarudia mzizi ili kutaja kitu kwa sauti au mwendo wake. Pikipiki na tingatinga yalizaliwa kwa njia hiyo, nayo bodaboda ikatokana na safari za mpakani. Hakuna kinachomzuia mtoto wa Ekalakala, kijiji ambacho hata jina lake lina mwangwi wa silabi zinazojirudia, kuiita trampolini rukaruka au dundadunda na akaeleweka na wenzake.

Hata hivyo, neno jipya halishindi kwa kuwa lina mantiki tu, bali kwa kuwa watu wamelikubali. Runinga, neno linalohusishwa na mshairi na mwanaleksikografia Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, limeota mizizi nchini Kenya. Tarakilishi limepata nafasi katika vitabu vya shule za Kenya, ilhali Watanzania wengi wamebaki na kompyuta. Mengine mengi yalibuniwa kwa ustadi yakafia vitabuni. Hadi umma utakapojiamulia, trampolini inatosha, ilmradi mwandishi aieleze anapoitaja kwa mara ya kwanza: "trampolini, kifaa cha springi cha kurukia".

Kuruka hakukuja na kifaa

Isidhaniwe kwamba kwa kuazima jina, jamii imeazima pia sanaa yenyewe. Wakamba wana sifa ya kale ya ngoma zenye miruko na mapinduko ya mwili. Katika ngoma ya mbeni, vijana hujirusha juu, wakajipindua hewani na kutua kwa miguu huku ngoma na filimbi zikiwapigia mwendo. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971 ili kuhifadhi tamaduni za jamii za nchi, imewaonyesha wageni wengi miruko hiyo. Hapana springi; kinachomrusha mchezaji ni udongo uliokanyagwa hadi ukawa mgumu, pamoja na mazoezi tangu utotoni.

Mbali kabisa na Ukambani, Wainupiat wa Alaska nao walikuwa na utaratibu wao. Katika sherehe ya nalukataq inayofuata uwindaji wa nyangumi, watu wengi hushika pembe za ngozi iliyoshonwa pamoja, wakaivuta kwa mpigo mmoja na kumrusha mwenzao juu sana. Ngozi hiyo, kwa hakika, ina haki zaidi ya kuitwa trampolini kuliko turubai lolote la ndengu, kwa kuwa kazi yake ni kurusha.

Onyo kwa wazazi

Sababu ya mwisho ya kulijua neno hili vizuri inamhusu mzazi. Trampolini zimeanza kuonekana katika viwanja vya michezo vya miji mingi, hotelini, na hata katika masoko ya mashambani wakati wa Krismasi na Pasaka, ambapo mtoto hulipiwa kiasi kidogo cha fedha na kuruka kwa dakika chache. Maonyo yaliyobandikwa kwenye fremu huwa yameandikwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mzazi hayasomi.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2012, kiliwashauri wazazi wasiruhusu trampolini za kujiburudisha nyumbani. Kilieleza kwamba takriban robo tatu ya majeraha hutokea watu zaidi ya mmoja wanaporuka kwa wakati mmoja, na kwamba mdogo kabisa kati yao ana uwezekano wa kuumia hadi mara 14 zaidi ya mkubwa.

Sababu yake ni rahisi kuielewa kwa aliyejua jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Kijana wa kilo 60 anapotua, springi huvutika mno. Zikirejea wakati mtoto wa kilo 15 ndiyo kwanza anatua, nguvu zote zilizowekwa na yule mkubwa humpokea mdogo huyo kwa pigo la kutoka chini. Mguu huvunjika, au mtoto hurushwa nje ya fremu. Kichwa na shingo huwa hatarini zaidi pale watoto wanapojaribu kujipindua kama walivyoona kwenye runinga.

Kwa hivyo, mzazi anapofikishwa mbele ya kifaa hicho, maswali yake yawe machache na ya wazi. Je, ataruka mtoto mmoja kwa wakati mmoja? Je, springi na kingo za chuma zimefunikwa kwa sponji? Je, fremu imesimama mahali tambarare, mbali na ukuta na miti? Je, yupo mtu mzima anayesimamia bila kuondoka? Mtoto wa chini ya miaka sita hafai kupandishwa kabisa. Nako kujipindua kuachiwe waliofunzwa na wakufunzi.

Maswali hayo hayawezi kuulizwa na mtu anayedhani trampolini ni kitambaa cha kufunikia lori. Wala mkulima hawezi kuokoa mahindi yake kwa ushauri unaomtaka ayaanike juu ya springi. Maneno haya mawili yanakaribiana kwa sauti tu katika lugha ya kigeni. Katika Kiswahili, trampolini na turubai hayafanani hata kidogo. Anayetumia Kiswahili tangu mwanzo hana pa kuteleza. Anayekikimbia ili aonekane msomi ndiye hujikuta ameruka majivu na kukanyaga moto.